Kushusha Impreza inchi mbili: kukata springi, springi fupi au koilova?

*"Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza ya 2005, ile stesheni wagoni ya 1.5. Naishi Kimara, kazini ni Posta, na mara moja kwa mwezi naenda Morogoro na familia. Nataka niishushe kama inchi 2 ikae vizuri. Fundi mmoja hapa mtaani anasema atakata springi raundi moja na nusu kila upande kwa elfu 80, masaa mawili nimemaliza. Jamaa yangu alifanyiwa hivyo mwaka jana, anasema gari haina shida na kwenye kona imetulia kuliko mwanzo. Fundi mwingine anasema ninunue koilova used za Japan, zile shokapu zinazokuja na springi yake na zina nyuzi za kurekebisha urefu wa gari. Wa tatu anasema springi fupi zinatosha, shokapu nibaki nazo hizihizi. Kipi ni salama? Na nikinunua, mimi na mdogo wangu tunaweza kufunga wenyewe nyumbani? Jeki tunayo, vibano vya springi tutaazima."*

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kabla ya kukata na hapo umenirahisishia kazi sana, maana wengi wananiletea gari springi ishakatwa, na springi ikishakatwa hairudi, hata kama kuna mtu wa weldingi atakwambia anaiunga. Nikupe jibu kwanza halafu ndio nieleze: usikate, inchi 2 kwa njia zako ni nyingi mno kwa hiyo tuongee milimita 25 mpaka 30 hivi, yaani inchi moja na kidogo, na kufunga nyumbani kuna kazi mnaiweza kabisa na kuna kazi moja nakuomba msiiguse.

Tuanze na jamaa yako, kwa sababu hajakudanganya. Springi ni waya mmoja mrefu uliosokotwa, na uzito ukija kila raundi inajikunja kidogo kugawana kazi. Sema springi ina raundi 6 zinazofanya kazi, ukitoa moja na nusu zimebaki 4 na nusu zinazobeba mzigo uleule, kwa hiyo springi imekuwa ngumu zaidi kwa kama theluthi moja. Ndio maana anahisi kona imetulia, gari hailali sana. Sasa anachohisi ni kweli ila hajui alicholipia. Springi za Impreza yako zimekaa kwenye shokapu yenyewe, mbele na nyuma, kuna sahani ya chuma ina kijingazi ambapo ncha ya springi inagota ili isizunguke. Ukikata kwa grainda ile ncha haikai tena pale inavyotakiwa, na springi imekuwa fupi kuliko nafasi yake. Gari ikiwa imesimama huoni kitu. Siku tairi ikidondokea kwenye shimo au ukipiga jeki, shokapu inanyooka yote, springi inabaki inaelea, inazunguka, na ikirudi inaweza kukaa nje ya kijingazi. Utasikia "tak" moja kavu ukikata kona ya kuingia geti. Wengi wanaizoea hiyo sauti, mimi ikiniingia sikioni siendeshi hiyo gari, kwa sababu kwenye shokapu za aina hii sahani iko jirani kabisa na tairi kwa ndani, springi ikitoka nje kinachofuata ni mpira.

Na kuna wale wa gesi, wanaochoma springi ikiwa hapohapo kwenye gari mpaka inakuwa nyekundu inalala chini. Hiyo ni mbaya kuliko kukata. Ugumu wa chuma cha springi ulipatikana kiwandani kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo, ukikichoma na tochi umefuta ile kazi pale tu palipopata moto, upande mmoja unaendelea kuzama na mwingine hauzami, na raba na sili ya shokapu iliyo sentimita chache pembeni zimeiva pia. Niliwahi kupokea gari iliyofanyiwa hivyo gereji moja, mwenyewe analalamika inavuta kushoto. Tulipima alaimenti (uelekeo na mlalo wa tairi) mara mbili kabla sijapiga magoti na rula, tukakuta mbele kushoto iko chini kwa sentimita 2 kuliko kulia. Alaimenti haitibu hiyo.

Sasa tuje kwenye inchi 2, maana hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Wanadhani kushusha gari ni suala la chini kugusa au kutogusa. Kugusa ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni safari ya shokapu. Gari ikiwa imesimama, tairi ina nafasi fulani ya kupanda juu kabla haijagota kwenye ile raba ya kuzuia kishindo, ile ya njano au nyeusi iliyovaa kwenye nondo ya shokapu ndani ya vumbi-kava. Tuseme nafasi hiyo ni sentimita 8. Ukishusha sentimita 5, ambazo ndio inchi 2 zako, umebakiwa na 3. Tuta ni lilelile na mwendo uleule, ile nguvu inabidi imezwe ndani ya sentimita 3 badala ya 8. Hesabu ya springi inaenda kwa mraba, nafasi ikipungua nusu tu springi inatakiwa iwe ngumu mara 4 ili isigote. Hakuna anayefunga springi ngumu mara 4 akabeba familia, kwa hiyo inagota. Na ikigota, mshindo wote unaenda kwenye maunti ya juu (kile kifungio cha shokapu kwenye bodi), kwenye bodi na kwenye mgongo wako. Ukipakia watu wanne na mizigo ya kwenda Moro, zile sentimita 3 zenyewe zimeshaliwa kabla hujawasha gari.

Upande wa kugusa, Impreza ya kawaida ya miaka hiyo ina kama sentimita 15 kutoka chini. Injini yake imelala, silinda zinaangaliana pembeni, na ekzosi inatokea chini ya injini inapita hapohapo. Ukishusha sana kitu cha kwanza kupiga tuta ni bomba la ekzosi, halafu sampu ya oili. Kati ya tairi ya mbele na ya nyuma kuna mita 2 na nusu, tuta likiwa katikati hapo ndipo tumbo linakaa. Wajapani wenyewe kwenye ukaguzi wao wa lazima wanataka gari iwe na angalau sentimita 9 kutoka chini, na ile ni Japani, barabara ya huko sio yetu ya kutokea Kimara ndani mpaka ulipate lami. Utoe 5 kwenye 15, umebaki na 10, umekaa juu ya kiwango cha watu wasio na matuta kwa sentimita moja tu.

Kuna jambo la tatu ambalo halionekani kwa macho. Chukua tochi uangalie ule mkono wa chini unaoshika tairi ya mbele. Gari ikiwa ya kiwandani ule mkono umeinama kidogo kwenda nje, upande wa tairi uko chini kidogo au sawa na upande wa bodi. Ukishusha sana unageuka, upande wa tairi unakuwa juu. Kwenye gari yenye shokapu za aina hii, mkono ukishageuka hivyo ile sehemu ambayo bodi inapinda kuizunguka inashuka haraka kuliko bodi yenyewe ilivyoshuka. Maana yake uzito wa gari unapata wenzo mrefu zaidi wa kuilaza kwenye kona. Ndio, umesoma vizuri, unaweza kushusha gari sana ikaanza kulala zaidi kwenye kona, ila huhisi kwa sababu umeweka springi ngumu zinazoficha. Na tairodi (zile fimbo za usukani zinazogeuza tairi) nazo zimepinda pembe yake, kwa hiyo ukipita kwenye bonde usukani unajigusa wenyewe, tairi zinajielekeza kidogo bila wewe kuomba. Kwa spidi ya mjini ni kero. Kwa 80 ukiwa na lori pembeni ni jambo lingine.

Kwa milimita 25 mpaka 30 haya yote yapo kidogo sana, unaishi nayo. Ndio maana springi nyingi za dukani za kushushia gari za barabarani zinacheza hapohapo, waliozitengeneza walipima.

Sasa chaguo lako la tatu, springi fupi kwenye shokapu zilezile. Huyu fundi hajakosea sana ila amesahau kuuliza swali moja, shokapu zako zina umri gani. Shokapu (wengine shokomzoba) haibebi gari, gari inabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isidunde, ndani kuna oili inalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo kila pistoni ikipanda na kushuka. Ukiweka springi ngumu zaidi inarudi kwa nguvu zaidi, na shokapu ileile iliyopimwa kwa springi laini inashindwa kuishika. Shokapu nzima inaweza kuvumilia tofauti ndogo. Shokapu ya 2005 iliyotembea miaka 20 haiwezi, wiki ya tatu gari inadunda kama bodaboda iliyokufa shoki. Kwa hiyo ukienda njia hii, na ndiyo ninayokushauri, nunua springi fupi za Impreza ya namba ya bodi yako (stesheni ni GG, sedani ni GD, usichanganye, uzito wa nyuma sio mmoja) pamoja na shokapu mpya nne, maunti za juu, raba za kuzuia kishindo na vumbi-kava. Maelekezo ya springi yakikwambia ukate raba ya kishindo, kata kipimo kilichoandikwa. Usiitoe yote, bila hiyo raba chuma kinapiga chuma.

Koilova used sikatai moja kwa moja, nimezifunga nyingi na zingine zilikuwa nzuri mno. Shida ni kwamba ukizinunua Gerezani, kule kwenye maduka ya spea used, unanunua historia ya mtu usiyemjua. Zingine zimetoka mikoa ya baridi huko Japani ambako wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, nyuzi zimeshikana na kutu, ile ringi ya kurekebisha haizunguki hata kwa nyundo, maana yake hiyo "adjustable" yako ni ya jina. Ukiwa dukani fanya hivi: futa nondo ya shokapu kwa kitambaa cheupe. Vumbi ni sawa, oili si sawa. Pitisha ukucha kutoka juu mpaka chini, ukikwama popote kuna mkwaruzo na mkwaruzo utakula sili. Halafu soma namba kwenye springi. Mara nyingi zimeandikwa namba tatu, kipenyo cha ndani kwa milimita, urefu, na ugumu kwa kilo kwa milimita. Ukiona 8 pale mwisho, hiyo ni springi ya mtu aliyekuwa anaenda kiwanja cha mashindano Jumapili. Gari yako ya kiwandani iko kama 2 mpaka 4. Kwa Kimara na watoto nyuma mimi siwezi kukubali zaidi ya 5, na hiyo 5 yenyewe mkeo ataiongelea.

Na ukizichukua, elewa zinavyoshushwa. Nyingi zina ringi mbili za kazi tofauti, ringi ya juu inabana springi, na ya chini inaingiza mwili wa shokapu kwenye bracketi. Urefu wa gari unarekebishwa chini. Wengi wanalegeza ringi ya juu mpaka springi inacheza huru na kusema "imeshuka", hapo umerudi palepale pa springi iliyokatwa, inaelea. Ile ya juu springi ikae imegusa vizuri bila kucheza wakati tairi inaning'inia, hapo ndipo pa kuanzia. Nyuzi zipake grisi, hewa ya Dar ina chumvi yake.

Kufunga nyumbani sasa. Kutoa shokapu kwenye gari na kuirudisha mnaweza, kama mko makini. Kufungua springi kutoka kwenye shokapu ndiyo ile kazi niliyosema msiiguse, na sikutishi. Springi ya kilo 3 kwa milimita ukiibana sentimita 10 imeshika nguvu ya kilo 300, imekaa kati ya mikono yako inasubiri ndoano moja iteleze. Hivi vibano vya kuazima mara nyingi nyuzi zimelika na ndoano zimelegea, mtu anakaza kimoja sana kingine kidogo, springi inapinda kama ndizi, na hapo ndipo inaporuka. Gereji yetu kuna bati la paa lina tundu la maunti ya shokapu, liliachwa makusudi halijazibwa ili vijana wanaojifunza waulize. Toeni shokapu nne, zipelekeni kwa fundi mwenye mashine ya kubania ya kusimama ukutani au sakafuni, abadilishe springi, mrudi nazo. Ni kazi ya saa moja na pesa yake sio kubwa.

Mkiwa nyumbani, sehemu iwe sakafu ngumu, udongo hapana. Jeki ni ya kunyanyulia tu, ya kukaa chini yake ni stendi mbili za chuma, matofali yanapasuka bila kuaga. Tairi zilizobaki chini ziwekeeni kabari pande zote. Ukifungua boneti utaona juu ya shokapu nati tatu ndogo na moja kubwa katikati. Tatu ndizo za kufungua. Ile ya katikati ndiyo inashikilia springi, usiiguse ikiwa kwenye gari wala popote, hata kwa kuilegeza "robo tu". Za nyuma ziko ndani ya buti chini ya zile plastiki za pembeni. Kabla ya kutoa boliti mbili zinazoshika shokapu ya mbele na nakoli (kile chuma kinachobeba tairi), piga alama ya rangi kwenye kichwa cha ile ya juu, ni boliti ya yai, ukiizungusha inabadilisha mlalo wa tairi. Mpira wa breki na waya wa ABS vimefungwa kwenye shokapu, vitoeni kwanza, na nakoli isiachwe ikaning'inia kwenye mpira wa breki, ifunge na waya. Nondo ya shokapu msiishike na plaiza kamwe.

Kuna kosa moja hata mafundi wazuri wanalifanya. Bushi za mikono ya chini na zile fimbo za nyuma zimegandishwa na raba ndani, hazizunguki, zinajinyonga. Ukizikaza tairi ikiwa inaning'inia halafu ukashusha gari chini, raba inaishi imenyongwa siku zote, miezi michache imepasuka. Legeza boliti zake, shusha gari ikae kwenye tairi zake, itikise kidogo, ndio ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa vipimo vya kitabu cha gari yako. Baada ya kilomita 100 hivi rudia kukagua zote, na nati za rimu.

Halafu alaimenti, siku hiyohiyo au kesho yake. Watu wanaogopa tairi kulala kwa ndani, hiyo kidogo haina neno. Kinachokula tairi ni zikiwa hazielekei mbele sawasawa. Zikitofautiana kwa milimita 5 tu mbele ya tairi na nyuma yake, kila tairi inaburuzwa kiubavu kama mita 4 kwa kila kilomita. Mpaka Morogoro ni kilomita kama 190, umeziburuza zaidi ya mita 700 kila moja, kwenda tu. Waambie wapime na nyuma, Impreza nyuma inarekebishika, wengi wanapima mbele wanakupa risiti.

Sasa sikiliza, kuna vitu ukiviona usiendelee kujitibu kwa simu. Mlio wa chuma ukikata usukani, gari kuvuta upande mmoja ukikanyaga breki, oili kwenye shokapu mpya, au tairi kuwa na mkwaruzo mbichi upande wa ndani. Hapo paki, ita fundi aje ilipo au ibebwe. Na jamaa yako mwenye springi za kukata, mwambie apige jeki mbele, ashike springi kwa mkono na ajaribu kuizungusha. Ikizunguka asiende nayo safari. Trafiki akikagua ana haki ya kukuzuia na gari yenye ubovu, na bima nao waulize kabla kama wanataka kuandikiwa mabadiliko, usisubiri siku ya ajali.

Mwisho, kipimo changu cha kujua kama umeshusha sana. Kabla ya kufunga tairi, chukua kebo tai, ile ya mafundi umeme ya kufungia nyaya, ifunge kwenye nondo ya shokapu isibane sana, isukume mpaka chini kabisa ikae juu ya sili. Endesha wiki moja njia zako za kawaida, matuta yako, rasta zako, familia ndani. Kila shokapu ikizama inaipandisha, na inabaki pale ilipofika juu kabisa. Halafu piga jeki uangalie. Ikibaki sentimita 2 mpaka kufikia ile raba, umepatia. Ukiikuta imesukumwa mpaka ndani ya raba, kwenye koilova kaza ringi ya juu milimita 10 ukarudi alaimenti, maana ringi ya chini inapandisha gari bila kuiongezea shokapu nafasi. Kwenye springi za kawaida huna pa kupandisha, basi angalia kwanza ulichopakia nyuma.